Kufuli Tatu, Bisibisi Moja

Gesi ndiyo iliyotangulia kuondoka. Mtungi wa kilo 15 ulitoka jikoni kwangu Jumatatu "kwenda kujazwa", ukarudi Alhamisi ukiwa wa kilo 6, na shemeji yangu akaniapia kuwa siku hizi wanatengeneza midogo. Ana miaka 21, alikuja kwetu Mbagala kutoka Korogwe kusoma chuo. Nikanyamaza. Mtoto wa wakwe humwiti mwizi mpaka umkute mkono umo ndani ya kabati. Kisha pasi ikaenda kwa fundi, na redio nayo ikaifuata.

Kubeti wanabeti vijana wote wa mtaani kwetu, kwa hiyo sikushtuka kumkuta saa nane ya usiku macho kodo, anafuatilia timu za daraja la pili Brazili asizoweza hata kuzitamka.

Sasa, mimi ndiye ninayetunza sanduku la kikoba chetu. Ni la bati, lina kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa kwa mama mwingine. Mimi mwenyewe sina hata mmoja. Ili mtu aibe, lazima wanawake watatu wapatane, na hao wetu hawajawahi kupatana hata juu ya sukari ya chai. Jumamosi ya kuvunja kikoba wakafungua moja, ya pili, ya tatu. Ndani tukakuta daftari la mahudhurio na tofali, limeviringishwa kwenye kanga yangu.

Katibu ndiye aliyeligeuza sanduku. Kufuli zilikuwa nzima, ila kule nyuma kwenye bawaba skrubu tano zilikuwa zimechubuka vichwa, na ya sita ilikuwa nyeupe. Niliijua. Ilitoka kwenye mlango wa kabati langu la vyombo.

Shemeji hakukana. Alitoa simu akatuonyesha mkeka: mechi 12, 11 zimetiki, moja sare ya dakika za nyongeza. "Mama zangu, Jumatatu ningezirudisha kabla hamjajua. Mechi moja tu imenichania!" Alilalamika utadhani yeye ndiye aliyeibiwa. Nami namwamini kwamba alitaka kurudisha. Gesi ilikuwa ya kurudisha ada aliyokwisha kuibetia, pasi na redio za kurudisha gesi, kikoba cha kurudisha vyote. Mwizi wa kawaida angekuwa amenenepa. Huyu suruali zilikuwa zinamvuka.

Mume wangu ni mwalimu wa hesabu. Akalichukua lile daftari la mahudhurio akapiga mahesabu: hata kama kila timu ina nafasi 80 kwa 100 ya kushinda, zote 12 kushinda pamoja ni kama 7 kwa 100. Mdogo wake akamjibu kwa Leicester City, mabingwa wa Uingereza 2016, waliopewa 5,000 kwa 1. Mtu wa mikeka humshindi: ana mfano mmoja wa kweli na unamtosha maisha.

Mwenyekiti alitaka twende polisi moja kwa moja; wizi, alisema, kifungo chake kinafika miaka saba. Mume wangu akauza pikipiki, kila mama akapata chake, mambo yakaishia barazani. Mimi nilikuwa upande wa mwenyekiti, na mpaka leo sijauhama.

Tukamnyang'anya simujanja tukampa kitochi. Kumbe kubeti hakuhitaji intaneti: unabonyeza nyota, namba, reli, pesa inakatwa kwenye laini. Laini nayo tukaichukua, mwenyewe tukamrudisha Korogwe kwa mama yake.

Wiki iliyopita mama mkwe akanipigia, sauti imejaa furaha. "Mwanangu, kuna kampuni imenitumia ujumbe, inanikaribisha, na bonasi imenipa. Mie wamenijulia wapi?"