Ulipima, Baba Neema?

Mke wangu ni fundi cherehani. Hakati kitambaa mpaka futikamba imzunguke mteja mara mbili, hata kama mteja ni mdogo wake aliyemshonea tangu sare za shule. Mimi, kwa upande wangu, nilijihesabu bingwa wa kompyuta, na bingwa hapimi; anakadiria kwa macho.

Niliamua kuunda kompyuta yangu mwenyewe, kipande kwa kipande. Chumba chetu cha Sinza kimeshajaa kitanda, kabati, cherehani na vitambaa vya watu, kwa hiyo nikanunua Kariakoo keisi ndogo, lile sanduku ambalo wengi tunaliita sipiyu. Duka la pili nikaulizia mazabodi, ule ubao unaobeba vipande vingine vyote.

"Kaka, unataka kubwa au ndogo?"

Ukimuuliza hivyo mtu aliyeshika pesa mkononi, unategemea jibu gani? Nikachukua ATX, muundo ulioletwa na Intel mwaka 1995: sentimita 30.5 kwa 24.4, sloti nne za ramu, na nafasi za kadi ambazo hata sikujua nitazijaza nini.

Nyumbani nikaiweka juu ya keisi. Ikaifunika kama sinia juu ya kikombe. Nikaijaribu wima, nikaijaribu mshazari, mwisho nikaijaribu kwa hasira. Cherehani ikanyamaza.

"Baba Neema, ulipima?"

Nikamjibu kwamba mambo ya kidijitali hayapimwi kwa futikamba.

Kesho yake nikarudi dukani. Muuzaji hakubishana nami; alinionyesha tu chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikanunua nyingine, Mini-ITX, sentimita 17 kwa 17. Hapo nikajua kwamba kidogo kinaweza kuwa ghali kuliko kikubwa, maana kubana mitambo yote kwenye eneo la leso si kazi ya bure.

Ilitulia ndani ya keisi vizuri mno, nikapiga kigelegele cha kiume. Halafu nikatoa ramu zangu nne: sloti zilikuwa mbili. Nikatoa kadi ya grafiki: sloti yake ilikuwepo, moja tu, lakini kadi yenyewe ikachungulia nje kama miguu ya mgeni mrefu kwenye kitanda cha mtoto. Pawasaplai nayo ikagoma. Keisi ilitaka ile ndogo ya SFX. Yangu ilikuwa ya kawaida.

Jumamosi akaja mpwa wangu anayetengeneza kompyuta. Akaitazama ile maiti sakafuni, akavuta kigoda.

"Mjomba, una kadi ngapi za kuchomeka?"

"Moja."

"Sasa ATX yenye nafasi hadi saba ulikuwa unamnunulia nani?"

Akanieleza kwamba iko ya katikati, Micro-ATX, sentimita 24.4 kwa 24.4. Nyingi zina sloti nne za ramu, nafasi za kadi zinafika nne, na bei yake haikufukuzi dukani. Tena matundu ya skrubu yamepangwa kwa hekima: mazabodi ndogo hufungika kwenye keisi kubwa, ila kubwa haifungiki kwenye ndogo. "Anza na keisi, mjomba. Soma inapokea saizi gani, kadi yenye urefu gani na feni yenye kimo gani. Mazabodi ije baadaye."

Mke wangu hakusema neno. Alikuwa anamchukua mteja vipimo vya kiuno, mara ya pili.

Nilikuwa nimeshachelewa kwa Micro-ATX. Ilibidi ninunue keisi kubwa ili ATX yangu ipate pa kulala, na sasa tunairuka kila tukienda kitandani. Mini-ITX nimeiuza kwa hasara. Ile keisi ndogo mama Neema anawekea nyuzi na vifungo. Alipima rafu kwanza, ikaingia bila kusukumwa.

Nawe ukienda kununua mazabodi, pitia kwanza kwa fundi cherehani wako, uazime futikamba yake.