Saa ya Baba Mdogo

Mtu wa Dar es Salaam akipata ndugu ughaibuni huagiza simu na viatu. Sisi wa Iringa na Mbeya tunaagiza joto. Ikifika Juni, upepo wa Iringa unakukuta na koti na sweta na bado unapita; huku Uyole, Mbeya, maji ya bomba asubuhi hayashikiki. Ndiyo maana mizigo inayotufikia kutoka nje haikosi hita au birika la umeme, na safari moja, kwa shangazi yangu wa Kihesa, ulifika mzigo wenye blanketi la umeme kutoka Marekani.

Vitu vya joto ndivyo visivyosamehe. Chaja ya simu ina akili yake: igeuze, kodoa macho usome yale maandishi madogo ya kutesa wazee, utakuta 100–240V, 50/60Hz. Hiyo chomeka popote duniani. Lakini blanketi la umeme ni waya tu unaopata moto, na waya hauulizi umeme umetoka nchi gani. Wa Marekani ni volti 120, wetu 230. Wengi wakisikia hivyo hudhani joto litazidi mara mbili, jambo ambalo kwa Julai ya Iringa si baya. Kumbe volti zikiongezeka, na mkondo unaopita kwenye waya nao unaongezeka, hivyo nguvu inakaribia mara nne. Kifaa cha Japani, kilichozoea volti 100, kwetu kinapita mara tano.

Haya shangazi hakuambiwa. Alichokuwa nacho ni adapta, ile ya bei rahisi inayokubali plagi ya taifa lolote bila ubaguzi. Mimi adapta naiona ndiyo mfitini mkuu katika habari hii yote. Kazi yake ni kubadili miguu ya plagi tu. Volti inazipitisha kama zilivyo. Ila kwetu kitu kikishaingia kwenye tundu, kimekubaliwa.

Shangazi aliwasha blanketi, akaenda kuoga, ili akirudi akute kitanda kimepata joto. Alikuta kimepata. Katikati ya blanketi palikuwa na doa la kahawia lenye umbo la paja la kuku, na godoro chini yake limeanza kufuka. Mume wake alizima swichi ya ukutani kwa ncha ya fimbo, akalitazama lile doa muda mrefu, kisha akatoa hukumu: "Wenzetu kule wana baridi kweli."

Mbeya kuna njia nyingine ya kuungua, nayo ni mtumba wa Japani. Mama mwenye nyumba yangu alipita Mwanjelwa akanunua jiko la umeme la kupikia wali, jeupe, limejaa maandishi ya Kijapani ambayo muuzaji aliyatafsiri yote kwa neno moja: "Original." Plagi yake ya asili alikuwa ameshaikata na kufunga ya kwetu ya miguu mitatu, kwa hiyo hata ushahidi haukuwepo. Mama akapima vikombe viwili vya mchele wa Kyela, akatia maji na chumvi, akabonyeza. Taa ikawaka, tukapiga makofi. Dakika chache baadaye mfuniko ulikuwa unacheza, maji yanaruka mpaka kwenye kalenda ya ukutani, halafu tukasikia *tik*, kimya. Majiko yale yana fyuzi ndogo ya joto ndani. Ikishakatika, biashara imekwisha. Chini ulikuwa ukoko mweusi, juu mchele mbichi, na katikati, lazima niseme kwa haki, vijiko kama viwili vya wali mtamu sana. Mama alirudi kwa muuzaji na ghadhabu zake. "Si nilikwambia, mama yangu," alimjibu kwa upole, "hili lina nguvu?"

Baba mdogo, mwalimu mstaafu wa hesabu pale Ipogolo, aliyasikia yote haya akayadharau. Yeye aliletewa redio yenye saa kutoka Marekani, akanunua kwanza transfoma ya kushusha umeme, nzito, yenye kunguruma usiku kucha. Saa haikuungua. Ilichelewa. Fundi wa Miyomboni aliifungua, akapangusa vumbi, akapokea hela yake, ikaendelea kuchelewa.

Transfoma inashusha volti, haigusi mizunguko. Umeme wa Marekani unazunguka mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50, na saa za aina ile huhesabu mizunguko ndipo zijue dakika imekwisha. (Japani nchi moja ina yote mawili: Tokyo 50, Osaka 60, tangu walipoagiza jenereta huku Ujerumani, huku Marekani, mwishoni mwa karne ya 19.) Kwa hiyo kila saa ilipoteza dakika 10, siku nzima saa nne.

Baba mdogo alichukua kalamu. Akiirekebisha Jumatatu mchana ikasoma 12:00, Jumanne usiku wa manane itakuwa nyuma kwa saa sita barabara, itasoma 6:00. Yaani saa sita usiku, kwa Kiswahili, bila mtu kujumlisha wala kutoa! Alhamisi mchana inarudi 12:00 ya Kizungu, ila kinukta chake kinadai ni usiku. Hapo katikati haimfai mtu yeyote.

Ukimuuliza saa ngapi, anakuuliza kwanza leo ni siku gani. Mama mdogo alishachoka, akasema ichomolewe, transfoma inakula Luku bure.

"Usiiguse," alisema baba mdogo. "Kesho mchana itakuwa sahihi."