Namna ya Kupiga Hodi kwenye Kompyuta za Nchi Nyingine

Mheshimiwa mwendesha mashtaka, barua pepe unazozitaka ziko ng'ambo. Tulia, fuata mwongozo.

Kwanza, usikamate mtu. Brazil walijaribu hivyo Machi 2016: kigogo wa Facebook wa Amerika ya Kilatini alitiwa mbaroni São Paulo kwa kuwa WhatsApp, iliyomilikiwa na Facebook, haikutoa data za kesi ya dawa za kulevya. WhatsApp ikajibu kwamba haiwezi kutoa isichokuwa nacho. Kesho yake jaji akaamuru aachiwe.

Pili, isome kesi ya Dublin, tena polepole. Desemba 2013 jaji wa New York alitoa hati ya upekuzi kwa Microsoft, itoe barua pepe za mteja wake. Barua zenyewe zilikuwa kwenye mashine zilizoko Dublin, Ireland. Serikali ya Marekani ikashikilia kwamba kampuni ni ya kwao na mfanyakazi atazivuta akiwa kwao, basi hakuna mpaka uliovukwa. Sheria waliyoiegemea ni ya 1986! Kilichoniuma zaidi ni hiki: Ireland iliieleza mahakama ya rufaa kwamba ombi likipitia mkataba baina ya nchi hizo, italishughulikia haraka iwezekanavyo. Mwenye nyumba anasema karibu, mgeni bado anapima urefu wa ukuta.

Microsoft ilishinda rufaa 2016. Mahakama ya Juu ikasikiliza Februari 2018, lakini kabla haijaamua, Bunge la Marekani lilipitisha sheria iitwayo CLOUD Act, ya kulazimisha kampuni kutoa data hata zikiwa ng'ambo, ikiwa imechomekwa ndani ya muswada wa bajeti wenye kurasa zaidi ya 2,000. Aprili kesi ikafutwa. Wewe usiombe sheria ichomekwe hivyo. Sheria ya kufungua barua za watu ijadiliwe peke yake, mchana kweupe.

Utasema njia ya mkataba inachelewa. Ni kweli: mwaka 2013 jopo la washauri wa rais wa Marekani lilikuta maombi ya nchi nyingine yaliyopelekwa Marekani yalichukua wastani wa miezi kama 10. Basi ajirini watu wa kuyajibu.

Kabla ya kugonga muhuri, soma ombi lako upya ukiweka nchi yako mahali pa Ireland. Ukikereka, lichane.

Mwisho, mwenye barua. Katika kesi ya Dublin kampuni na serikali zilibishana miaka minne na ushei juu ya barua zake, yeye hakuulizwa. Upelelezi ukifungwa, mwandikie umweleze ulichosoma. Anwani yake unayo.