Miaka Kumi ya Fundi

Sheria yetu ya mikataba hapa Kongo, ile ya tarehe 30 Julai 1888 (enzi za Leopold II, mtu asiyejulikana kwa huruma), inasema nyumba ikianguka kwa kasoro ya ujenzi, hata kosa likiwa la udongo, mjenzi anawajibika miaka kumi. Miaka kumi! Hapa Masisi fundi wangu hakufikisha siku kumi. Alikula avansi yote, akapigilia misumari kwenye mabonde ya manjanja ya paa badala ya migongo yake. Mvua ya kwanza nikahamisha kitanda mara tatu. Pembe moja tu ilibaki kavu, na mbuzi alishaiwahi.

Nilipomwita, akatazama paa kwa upole wa daktari: “Baba, hiyo si kuvuja. Nyumba inazoea.”

Nikamshtaki kwa chefu; akaja na bidoni ya kasiksi. Tukanywa wote, mimi mshtaki nikinywa zaidi, kwa uchungu. Hukumu: arudi kurekebisha, misumari juu yangu.

Sasa yuko Walikale, anatafuta kwanza pesa ya madini ya kasiterite. Nimehesabu: imebaki miaka tisa na miezi minne. Kitanda nimekifunga magurudumu ya chukudu.