Sifa za Mtumishi Asiye na Kiti

Wafalme wana malenga wao na mabingwa wa soka wana watangazaji. Lakini kila ofisi yenye dawati la huduma za TEHAMA ina mtumishi mmoja anayefanya kazi usiku na mchana, bila mshahara wala likizo, na hakuna aliyewahi kumtungia hata ubeti mmoja. Hutajwa tu mambo yakiharibika, tena kwa matusi. Ni akaunti ya otomatiki: lile jina lisilo na sura linalojitokeza kwenye historia ya tiketi pale kanuni inapojiendesha yenyewe. Kwenye Jira, mfumo mmoja wa kusimamia tiketi, anaitwa Automation for Jira. Kwenye mfumo mwingine, ServiceNow, mara nyingi utakuta ameandikwa "system" tu, basi. Leo nampa haki yake.

Tuanze na nasaba, maana hakuna sifa bila ukoo. Babu yake alizaliwa Bell Labs, Marekani, mikononi mwa Dennis Ritchie, aliyeomba hataza mwaka 1973 na kuipata mwaka 1979. Shida ilikuwa ndogo. Katika mfumo wa Unix mtu wa kawaida haruhusiwi kuandika kwenye faili la nywila, ila lazima aweze kubadilisha nywila yake. Ritchie akabuni alama ya biti moja. Programu yenye alama hiyo ikawa inaendeshwa kwa mamlaka ya mwenye faili, si ya aliyeiita. Mnyonge anaomba, mkubwa anatenda. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder wakaandika kwamba kila programu ipewe mamlaka ya kutosha kazi yake tu, yasizidi. Husuda hiyo! Makala yao inasomwa vyuoni hadi leo, na maofisini inaheshimiwa kwa kutofuatwa.

Ami yake naye alipata umaarufu. Alikuwa kompaila ya Fortran katika kampuni ya Tymshare, na habari zake alizisimulia Norm Hardy mwaka 1988. Kompaila ilipewa ruhusa ya kuandika katika saraka ya SYSX ili ihifadhi takwimu za matumizi. Humohumo lilikuwamo faili la malipo, BILL. Mteja mmoja akaiagiza kompaila imwandikie taarifa zake za kusaka makosa katika faili lenye jina hilo. Mteja mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuligusa. Kompaila ilikuwa nayo. Ikatii, na hesabu za malipo zikapotea. Hardy akamwita naibu aliyechanganyikiwa. Mimi naona amemsingizia. Naibu alikuwa na akili zake timamu: alitumwa, akaenda. Hakuuliza kama aliyemtuma angeruhusiwa kwenda mwenyewe, na ni mtumishi gani mwenye adabu anayeuliza hivyo?

Adabu hiyo ndiyo urithi aliomwachia mtumishi wetu, na imegeuka ukarimu. Mchukue kijana wa zamu katika dawati la huduma. Jedwali la ruhusa limembana kila upande: hawezi kuidhinisha ombi, hawezi kumwingiza mtu katika kundi la wanaoruhusiwa kuingia kwenye mtandao wa ofisi wakiwa nyumbani. Anachoweza ni kubadilisha lebo ya tiketi, kwa kuwa nani atamnyima mtu lebo? Upande wa pili wa ofisi, msimamizi mmoja, mtu mwema anayetaka kupunguza foleni, ameandika kanuni: lebo ikisomeka "imekubaliwa", idhinisha ombi, mwingize mwombaji kwenye kundi, funga tiketi. Kanuni inaendeshwa kwa jina la mtumishi wetu, na yeye hajawahi kunyimwa kitu. Kijana anaandika lebo. Sekunde chache baadaye mlango uko wazi. Hakuna aliyevunja sheria. Jedwali la ruhusa ukilikagua ni safi. Orodha ya kanuni ukiisoma ina mantiki. Mambo yametokea katikati yao, na katikati hapo mfumo haukuweka ukurasa wa kukagua.

Ruhusa ni mlinzi wa getini: kila mgeni anaulizwa jina, anatoa kitambulisho, namba ya gari inaandikwa daftarini. Mpishi anapita mlango wa nyuma na kapu lake, na hakuna anayeuliza kapu limeagizwa na nani.

ServiceNow wameujenga mlango huo wa nyuma kwa ustadi wa pekee. Sheria zao za nani aone nini ni kali kweli: wadhifa, sharti na skripti, vyote vitatu lazima vikubali. Lakini kanuni inayoendeshwa kwenye seva, ikichota data kwa GlideRecord ya kawaida, haipimwi kwa sheria hizo. Anayetaka zifuatwe lazima aandike GlideRecordSecure. Ni herufi sita zaidi, na vidole vyetu vimechoka.

Mtumishi wetu ana sifa nyingine, ya haya. Sheria za ruhusa hazina haya kabisa: ukifungua orodha, chini kabisa zinakutangazia kwamba safu kadhaa zimeondolewa kwa sababu za usalama. Yaani kuna karamu, hukualikwa, na idadi ya sahani zilizoliwa unatajiwa! Kanuni iliyopangwa ifanye kazi kabla ya swali kulifikia jedwali huyachuja yaleyale bila kusema neno. Mtu anaona orodha fupi, anashukuru Mungu kwamba kazi ni chache, anaenda kunywa chai.

Msidhani hata hivyo kwamba ni mbabe. Ni mnyenyekevu kupita kiasi. Kwenye Jira, tiketi ikiwekewa kiwango cha usalama ambacho hakikumhesabu, haioni, na asichokiona hakigusi. Au huja msimamizi mpya, mpenda usafi, anapitia mpangilio wa ruhusa, anakuta wadhifa wenye jina refu la programu za nyongeza, hamjui mwenye wadhifa huo, anaufuta. Kumbe ndio uliokuwa unampa mtumishi wetu njia. Je, atalalamika? Hata. Kanuni inabaki imewashwa, kijani kibichi, na kwenye kumbukumbu zake panaandikwa kwa sauti ya chini kwamba hakuna kitendo kilichofanyika, au kwamba mhusika hana ruhusa ya kuona tukio lililomwamsha. Kumbukumbu hizo zimewekwa ndani ya ukurasa wa kanuni, mahali ambapo mtu huenda siku anayoiandika tu. Na kanuni ikiwa inaendeshwa kwa jina la mfanyakazi wa kweli, siku anapoacha kazi na akaunti yake kuzimwa, kanuni nayo inagoma naye. Chama gani cha wafanyakazi kimewahi kupata mshikamano wa namna hiyo?

Kuhusu kanuni kuamshana zenyewe kwa zenyewe sitasema mengi. Jira huzizuia mpaka uweke tiki kwenye kisanduku, na hata hapo mnyororo hukatwa ukifika hatua ya 10. Kisanduku hicho huwekwa tiki saa kumi na moja jioni ya Ijumaa.

Zamani, kosa likitokea, ilibidi mtu aitwe, aketi kwenye kiti kigumu, na ajieleze. Nafasi iliwekwa hatarini, familia ilikosa usingizi. Sasa mkaguzi akija na kuuliza nani aliidhinisha ombi lile, jibu lipo tayari, na saa imeandikwa hadi sekunde: Otomatiki. Kijana wa zamu alibadilisha lebo tu. Mwandishi wa kanuni aliandika kanuni tu, wala hakuwapo siku hiyo. Msimamizi wa ruhusa ana jedwali lake safi. Mkaguzi, kwa kuwa anapenda utaratibu, atataka mhusika aandikiwe barua ya kujieleza, na kwa kuwa siku hizi barua ni tiketi, itafunguliwa tiketi. Kanuni ya kupanga kazi itasoma jina la mhusika na kumpangia yeye mwenyewe. Baada ya siku saba bila jibu, ataifunga.