Jinsi ya Kuandaa Onyesho Lisiloeleweka, Ukiwa Juja

Juja ina kila kitu: mainjinia, wataalamu wa kilimo, wauza smokie, na mahubiri ya kila dhehebu kwa spika kubwa. Kilichokosekana ni dansi ya majaribio yenye video ukutani, sauti za kompyuta na mtu anayebiringika sakafuni bila kusema kwa nini. Pengo hilo ni lako kuliziba. Fuata hatua hizi na onyesho lako litazungumzwa hadi Thika, hata kama watakaolizungumza ni wale wanaokudai.

Hatua ya 1: Kusanya watu wasioelewana

Unahitaji mcheza dansi, mtu wa video, mtengenezaji wa sauti, mshairi na injinia. Injinia usimtafute mbali. JKUAT ilianzishwa mwaka 1981 kufundisha kilimo na teknolojia, na hosteli za Gachororo hazikosi kijana mwenye chuma cha kulehemu chini ya kitanda.

Mwambie kila mmoja, faraghani, kwamba yeye ndiye moyo wa kazi. Mchezaji aamini video ni pambo. Mtu wa video aamini mchezaji ni kivuli tu cha kupita mbele ya picha zake. Mshairi haamini chochote, ila atataka jina lake litangulie kwenye bango.

Akitokea mtu wa kusema huo ni uzungu, mjibu kwa historia. Gàara, kundi la kwanza la dansi ya kisasa nchini, lilianzishwa Nairobi mwaka 1997 na Opiyo Okach, aliyesomea maigizo bubu London, Faustin Linyekula, aliyetoka Kisangani na fasihi na tamthilia yake, pamoja na Afrah Tenambergen. Mwaka uliofuata kazi yao, Cleansing, ikashinda tuzo Luanda. Taja tuzo. Habari za mazoezi yao usizichimbe, utawatia watu wako hofu.

Hatua ya 2: Andika ombi la ufadhili kabla hujapata wazo

Wazo litakuja pesa zikishaingia. Kwa sasa andika "mwili kama kumbukumbu" na "mazungumzo baina ya nyama na mwanga". Itaje barabara kuu ya Thika, iliyokamilika mwaka 2012, maana hakuna mfadhili asiyependa barabara yenye maana fiche.

Kwenye bajeti, anza na projekta, kisha mshauri, kisha mshauri wa mshauri. Nauli ya wachezaji iwe chini kabisa. Chai usiiandike. Msanii wa kweli hushiba makofi.

Hatua ya 3: Alika utamaduni, uupe dakika mbili

Tafuta mzee mpiga kodiani ya mwomboko. Ngoma hii ilishika kasi Mkoa wa Kati miaka ya 1940, vijana wa Kikuyu walipochukua kodiani iliyokuja na wageni, wakachanganya na hatua za dansi za kizungu, wakaongeza karing'aring'a, lile duara la chuma linalogongwa kwa kijichuma mpaka mdundo ukae sawa. Wacheza wakaenda wawili wawili, wakapiga hatua, wakainama, na kijiji kizima kikajua wakati wa kuinama.

Ukifikiri sana utagundua kwamba hawa walichanganya sanaa na mitambo ya kigeni kabla babu yako hajaoa, tena bila ufadhili. Kwa hiyo usifikiri. Rekodi kodiani, mpe mtu wa sauti aikatekate hadi mwenyewe asiitambue. Mzee akikuuliza, "Kijana, sasa hii inachezwaje?" mjibu kwa heshima: "Haichezwi, mzee. Inatafakariwa."

Hatua ya 4: Weka imani yako yote kwenye kihisi

Injinia atakuja na kidude chenye macho mawili. Jicho moja linatoa sauti isiyosikika, la pili linasubiri mwangwi, na kompyuta inapiga hesabu ya umbali, mwisho kama mita 4. Mchezaji akisogea, muziki upande; akirudi nyuma, ushuke. Mezani, kwa kusogeza daftari, kinafanya kazi vizuri ajabu. Basi ishia hapo.

Siku yenyewe mvishe mchezaji mashuka mazito ya pamba. Kitambaa laini hunywa mwangwi, kwa hiyo kihisi kitaamini jukwaa li tupu. Mchezaji ataruka, atagaagaa, atapiga magoti; spika kimya. Hapo injinia atatambaa jukwaani na bisibisi mdomoni, na ukumbi utalipuka kwa makofi, kwa kuwa ni sehemu ya kwanza iliyoeleweka na kila mtu.

Jifariji na mfano wa New York. Oktoba 1966, wasanii 10 wakiongozwa na Robert Rauschenberg walifanya maonyesho pamoja na wahandisi wapatao 30 wa Bell Labs, kazi iliyoratibiwa na mhandisi Billy Klüver. Katika onyesho moja raketi za tenisi zilitiwa maikrofoni, na kila mpira ulipopigwa taa moja ilizimika, hadi ukumbi ukawa giza totoro. Wahandisi wote hao kwa ajili ya giza! Juja stima inapotea bila injinia hata mmoja.

Hatua ya 5: Epuka mazoezi ya pamoja

Mchezaji ajifanyie Ruiru, mtu wa video Thika, na mtu wa sauti asishike simu. Mkilaumiwa, tajeni John Cage na Merce Cunningham, waliotunga muziki na dansi kila mtu kivyake, vikakutana jukwaani. Msitaje kwamba wale walikubaliana kwanza kazi itachukua dakika ngapi. Ninyi hata saa ya kuanza msikubaliane.

Hatua ya 6: Karibisha maswali, usiyajibu

Mwishoni washa taa, kama zipo, uitishe majadiliano. Wasomi watasifu "ukimya wa spika". Kisha mama wa chapati, aliyeingia kudai pesa za madondo, atainua mkono: "Huyo msichana alikuwa anamkimbia yule mtu wa ukutani, ama alikuwa anamtafuta?"

Mtatazamana. Mchezaji alikuwa anakimbia. Mtu wa video alipiga picha za mtu anayetafutwa. Mshairi alidhani wamekufa wote wawili. Jibu kwa utulivu: "Tunamwachia mtazamaji." Halafu mlipe mama.

Ipo njia ya mkato, ila ni hatari. Siku ya kwanza kabisa, kabla ya projekta na ombi la ufadhili, waketishe wote watano kwenye kibanda cha mama huyo, ununue chai, na msiinuke hadi mkubaliane kama anakimbia au anatafuta. Matokeo yake ni mabaya: onyesho litaeleweka, injinia atakosa makofi, na awamu ya pili hamtakuwa na sababu ya kuiombea pesa.