Kazi Unaipenda?

Daktari wa zahanati alinifunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, akapuliza mpaka vidole vikafa ganzi, akasoma namba, akaguna. Badala ya kuandika dawa akaniuliza: "Mzee wangu, kazi yako unaipenda?"

Nina miaka 52 na sijawahi kuulizwa swali hilo. Kuhusu mke niliulizwa, tena mbele ya wazee wa pande mbili. Kazi? Kazi unaikuta tu, kama mlima.

Mimi ni mtu wa mashine. Nasaga mahindi ya watu na muhogo wa watu, kwa debe, kwenye mashine isiyo yangu. Wilaya yenyewe imebadilika, Kasanda tulikuwa Kibondo, mwaka 2012 tukaamka tuko Kakonko. Mimi nimebaki palepale. Jioni natoka mweupe kuanzia kope hadi malapa, watoto wakinikuta gizani wanatimua mbio. Vumbi la mahindi angalau lina adabu, linatua. La muhogo linapanda puani na kuhamia kifuani. Nikianza kukohoa usiku, mke wangu huuliza kama abandike maji ya ugali.

Daktari ni kijana wa kuletwa, anatuamkia kwa Kiha, "mwidiwe", kama anasoma ubaoni. Akanieleza kwamba Shirika la Afya Duniani na lile la Kazi yalitoa hesabu mwaka 2021: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki anajisogeza karibu na kiharusi na ugonjwa wa moyo. Sheria yetu ya ajira ya 2004, akasema, saa za kawaida mwisho 45, zinazozidi zinalipiwa. Nikapiga hesabu kimyakimya. Saa 12 asubuhi hadi saa 1 usiku, siku sita: 78. Ningemdai mwenye mashine hiyo ziada, ila mshahara wa mwezi ujao nilishaula mwezi uliopita.

Babu yangu angecheka. Enzi za mkoloni mawakala wa mashamba ya mkonge walikuja huku Buha kuzoa vijana, naye akaenda Tanga kuwa manamba. Kipande chake, yaani kadi ya kazi, kilikuwa cha siku 30. Siku uliyomaliza kazi inatiwa alama. Siku uliyougua ni yako na homa yako. Alirudi na baiskeli na kikohozi. Hakuna mzungu aliyemuuliza kama anaupenda mkonge.

Sasa niseme jambo, ila daktari asilisikie. Jumapili ni zamu ya kijana mwingine, mimi najilaza chini ya mwembe. Mashine naisikia kutoka mbali. Mara sauti inashuka, inakuwa nzito: mpuuzi kafungulia mahindi mengi, mota inazidiwa. Nainuka. Mke anauliza naenda wapi, nasema msalani. Dakika kumi baadaye niko mashineni, nafikicha unga kwa kidole gumba, na kidole kinaniambia chekeche imetoboka. Mama mmoja kwenye foleni akasema siku moja, bila hata kunitazama, "Afadhali umekuja, wa kwako ndio unashika ugali." Nilirudi nyumbani natembea katikati ya barabara.

Kwa hiyo presha yangu haitoki kwenye mashine. Inatoka kwa yule mwenye mashine, anayekuja jioni kuhesabu pesa mara tatu na kuniangalia mifukoni.

Mwezi uliopita kijana wa Jumapili aliunguza mota. Tukakaa siku tisa. Nililala, nikala saa saba mchana kama mtumishi wa serikali, kifua kikafunguka, nikasikia hata ndege. Siku ya kumi nikaenda zahanati nikijua nitapongezwa.

Daktari akapuliza, akasoma, akaguna zaidi ya mara ya kwanza.

"Mzee, si nilikwambia upumzike?"

"Nimepumzika mpaka maduka mawili yananitafuta."

Akaandika dawa, akazitia kwenye kibahasha. Nilipofika mlangoni akaniita, akateremsha sauti kama ananipa majibu ya siri.

"Hivi mota inarudi lini? Nina debe la muhogo pale ndani, wiki ya pili sasa tunakula wali. Na siku hiyo, mzee wangu, kama foleni itakuwa ndefu..."